Zamu ya Mvua

Tulikuwa tumekwisha kumzika Mwalimu Lumbasi huko kwao Kabras, na mhubiri alikuwa amesimama tena kusema yale maneno machache ambayo huwa si machache, mvua ilipoanza. Ilianza jinsi mvua ya huku inavyoanza, bila kubisha hodi. Watu wakavuta viti katikati ya hema, akina mama wakajifunika leso vichwani, na sisi saba, wanafunzi wake wa zamani, watu wa miaka hamsini na kitu wenye nguo za mazishi na magoti mabovu, tukainuka kwa wakati mmoja bila kuambiana, tukatoka hemani, tukaenda kusimama kuizunguka nyumba ya marehemu. Mmoja alikuwa kona ya jikoni, mwingine mlangoni, mimi chini ya dirisha la chumba cha kulala, na Musa wa Mumias, ambaye siku hizi ana tumbo na kofia nyeupe na huitwa Haji, upande wa tangi la maji. Sote tulikuwa tumeinua videvu tunatazama paa. Nikasikia mama mmoja nyuma yangu akimuuliza mwenzake, "Hawa nao wanaangalia nini huko juu? Ama wameona kitu?" Gata ya upande wangu, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, ilikuwa inavuja kwenye kiungo cha pili. Nilitafuta kalamu mkobani kabla sijakumbuka kwamba sina mahali pa kuandika.

Mahali pa kuandika nilipewa saa moja baadaye. Nelima, binti wa Mwalimu, ambaye mwaka ninaotaka kuusimulia alikuwa mtoto mdogo anayelala kwenye benchi la ofisi ya baba yake, aliniita kando akanipa bahasha kubwa ya kaki. "Aunti Praxides, baba alisema hii ni yako. Alisema hata usipokuja tukutafute, na isipewe mtu mwingine." Niliijua kwa uzito wake tu. Ilikuwa Kitabu cha Nyumba changu cha mwaka wa tisini na tatu, daftari lile la jalada gumu la kijani. Wenzangu kumi walirudishiwa vyao siku ya kupokea cheti. Changu Mwalimu alibaki nacho, na mimi sikuthubutu kukiulizia kwa sababu nilijua nilichoandika kwenye ukurasa wa mwezi wa tisa. Kwa miaka thelathini na zaidi nimeamini kwamba alikiweka kama polisi anavyoweka ushahidi, na kwamba kila aliponisalimia kwa ucheko alikuwa anaukumbuka ukurasa ule. Nimekuja nacho nyumbani, nimekiweka mezani karibu na redio, na leo ni siku ya tatu sijakifungua. Nimeona niandike kwanza ninavyoukumbuka mwaka ule mimi mwenyewe, kabla kitabu hakijanisahihisha.

Ya nyumbani Lugari nitayaruka. Mahindi ni mahindi, na familia yangu haikufanya jambo la kuandikwa mwaka ule isipokuwa kunisindikiza hadi barabarani nikiwa na sanduku la bati na godoro lililokunjwa. Chuo chenyewe kilikuwa pembeni mwa mji wa Kakamega, chuo cha jamii kilichoanzishwa kwenye uwanja wa misheni ya zamani, chenye majengo kumi na moja na mikaratusi iliyomwaga majani juu ya kila paa. Nilikwenda kusomea matunzo na usimamizi wa majengo. Kijijini waliposikia walicheka hadi wakakaa chini. "Yaani umemaliza fomu foo ndiyo uende kusomea kufagia?" aliniuliza jirani mmoja, na hata mimi nilidhani huenda ni kufagia. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba jengo lina mtu wake. Shule niliyosoma ilikuwa na vioo vilivyovunjika tangu nikiwa darasa la tatu, na tulivichukulia kama hali ya hewa.

Mwalimu Lumbasi alikuwa mtu mfupi, mwenye suruali ya mifuko mingi iliyomwongezea upana, na kwa miaka mingi kabla ya kuja kufundisha alikuwa ameangalia nyumba za wafanyakazi wa reli kule Butere. Hakuwa na shahada. Alikuwa na masikio. Angeweza kunyamaza katikati ya somo, akainamisha kichwa, akasema, "Kuna maji yanatiririka choo cha wavulana," na ukienda ungeyakuta. Siku ya kwanza hakuandika neno ubaoni. Alivua kofia, akatia ndani funguo kumi na moja, akapita mbele ya kila mmoja wetu kama anayekusanya sadaka, ila yeye alikuwa anatoa. Ufunguo uliouokota ndio uliokuwa jengo lako kwa mwaka mzima. Musa, Mwislamu peke yake darasani, aliokota kanisa. Kijana mmoja aliyekuja amevaa tai aliokota vyoo, akautazama ufunguo, akautazama mlango wa kutokea. Mimi niliokota jikoni na bwalo la chakula, na darasa zima likapiga makofi kwa wivu.

"Sasa sikieni," Mwalimu alisema. "Kila mtu ako na Kitabu cha Nyumba. Ukiona kitu, unaandika siku hiyohiyo, na wino, si penseli. Jengo halidanganyangi. Mtu ndiye anadanganyanga. Nikipata uliona kitu ukaficha, hutapata cheti hapa. Utaenda nyumbani, hata kama ni wiki ya mwisho." Hakupandisha sauti, lakini hatukudhani anatania. Baadaye wapishi walituambia kwamba mwaka uliotangulia kijana mmoja alirudishwa kwao mwezi wa kumi na moja kwa sababu ya ufa alioufunika kwa kalenda.

Halafu akatupa sheria ya pili, ambayo sijaikuta kwingine popote nilikofanya kazi. Mvua ikianza, darasa limekwisha. Anayeijua Kakamega anajua maana yake, kwa sababu mvua ya kule ina saa yake kama kengele. Chakula cha mchana kikishuka tumboni, nayo inakusanyika upande wa msitu. Mwalimu angekuwa katikati ya sentensi kuhusu simenti, tone la kwanza likigonga bati chaki inawekwa chini na sisi tunatimua mbio, kila mtu kwenye jengo lake, kitabu kwapani. Hiyo ndiyo aliyoiita zamu ya mvua. Unasimama ndani, unasikiliza, unatazama dari. Unatoka nje, unatazama gata, unafuata maji ujue yanakwenda wapi. Mvua ikikoma unarudi darasani umelowa chapachapa na kuwasomea wenzako ulichoandika. "Mimi nawafundishanga asubuhi," alisema Mwalimu. "Mchana ni huyo." Wiki za kwanza sikuona kitu, nililowa tu. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa najua kwamba bati la tano kutoka mlangoni lina msumari uliolegea, na kwamba maji ya upande wa magharibi yanakaa chini ya dirisha kwa muda mrefu kuliko yanavyopaswa. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi, kwa sababu watu wa rika langu wakisimulia ujana wao hupenda kuorodhesha shida. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nilikuwa na ufunguo wa nyumba kubwa kuliko zote nilizowahi kulala, na nilikuwa nimeanza kuiona.

Musa naye alilitunza kanisa kuliko Wakristo waliolitunza kabla yake. Alipanda kwenye kenchi za paa akatoa viota vya popo, akapaka mafuta bawaba za milango, akasawazisha mabenchi yote yaliyokuwa yakitikisika wakati wa mahubiri. Mchungaji alifurahi hadi akamwita kando siku moja kumuuliza kama hajafikiria kubatizwa. "Pasta," Musa akamjibu, "mimi naangalianga hadi kwa paa. Hayo mengine juu ya paa ni yako." Alitusimulia jambo hilo jioni ile bwaloni, na Mama Truphena alicheka hadi akashika meza.

Huyo Mama Truphena ndiye aliyekuwa mpishi mkuu, mwanamke mrefu kutoka Shinyalu, mwenye mikono iliyozoea mwiko wa urefu wa jembe. Jikoni mwake kulikuwa na masufuria matatu ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, kuni zilizopangwa kwa unene, na moshi uliokwisha kupaka ukuta rangi ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Nilitakiwa nikague jikoni kila asubuhi kabla ya darasa. Nilikuwa na orodha yangu: mabomba, dohani, mifereji ya maji machafu. "Wewe Plakisi," angesema, kwa maana jina langu hakuwahi kulitamka vinginevyo, "unaangalia ukuta, nani anaangalia tumbo yako? Kaa hapo. Akili haiingiangi kwa tumbo tupu." Ningekaa kwenye benchi karibu na mlango wa stoo, nikapewa kiporo cha obusuma, ugali wetu, kilichochomwa kwenye makaa na chai ya maziwa. Hapo ndipo nilipopata nusu ya elimu yangu. Wapishi walizungumza kana kwamba sipo: fahali gani alikimbia pambano huko Khayega na kumwaibisha mwenyewe, nani ameolewa Butere na bado anacheka, kwa nini mwanamume anayesifia mboga asiaminiwe. Jumapili walipochinja ingokho, yaani kuku, kwa ajili ya wageni wa kanisa, Mama Truphena aliniwekea shingo ndani ya kikombe na kukifunika kwa sahani. Sijapata tena mahali pa kazi palipopendeza kama benchi lile.

Nyuma ya stoo ya jikoni, hatua kama kumi hivi, kulikuwa na kichuguu. Kwetu huku kichuguu kina mwenyewe kama mti wa matunda ulivyo na mwenyewe, na ukivuna kwenye kichuguu cha mtu bila ruhusa wajukuu wake wataambiwa. Kile kilikuwa cha Mama Truphena. Hakuna aliyempa. Alikikuta siku alipoajiriwa, akakifyekea, akakilinda na mbuzi, na kufikia wakati wetu hata mkuu wa chuo alikiita kichuguu cha Mama. Mwezi wa nne, siku ambazo jua hutoka baada ya mvua, alikifunika kwa majani ya migomba na blanketi kuukuu, akaacha tundu moja linaloelekea kwenye sufuria iliyofukiwa, kisha tukakaa wanawake watatu kupiga vijiti juu ya ubao, haraka haraka na sawasawa, hadi walio chini wakadhani ni mvua wakaanza kutoka. Kumbikumbi walimiminika kwenye tundu, mbawa juu ya mbawa, nasi hatukuacha kupiga. Nilikuwa na mkono mzuri. Mpishi mmoja akichoka anaharibu mwendo, mimi sikuharibu. "Lugari mnajuanga mahindi tu," Mama Truphena alisema, "wewe hii ulifundishwa na nani?" Nilijivunia sifa ile kuliko alama zote za darasani. Aliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, tukawala na obusuma, na nusu ya chuo ikala nasi. Bakuli moja nilitumwa nalo ofisini kwa Mwalimu, likiwa limefunikwa. "Weka hapo," alisema bila kuinua macho, na bakuli likarudi jikoni limeoshwa. Ikawa ndiyo desturi, kila tulipovuna. Musa peke yake hakula. "Si dini," alisema. "Ni hizo mbawa."

Mwisho wa mwezi huohuo, nikisogeza magunia ya maharagwe ndani ya stoo, niliona kichirizi cha udongo ukutani, chembamba kama penseli, kimepanda kutoka sakafuni hadi kwenye mbao zinazobeba paa. Nilikivunja kwa ukucha. Ndani walikuwemo mchwa weupe, wanapishana kwenda na kurudi kazini. Nilijua ni nini, kwa maana tulikuwa tumefundishwa wiki mbili tu kabla. Unafuata vichirizi hadi kwenye kichuguu, unachimba hadi kwa malkia, unamwaga dawa. Nilisimama pale na kitabu mkononi. Kumbikumbi ni mchwa waliovaa nguo za Jumapili, kila mtu anajua, lakini sisi tuliokuwa tukiwala hatukuwa tumewahi kuwataja wote wawili kwa pumzi moja. Nikiandika, kichuguu cha Mama kitachimbwa, na mimi ndiye nitakuwa nimekichimba, mimi niliyelishwa pale kila asubuhi. Nikachukua kisu, nikakwangua vichirizi vyote, nikapaka chokaa mahali pale. Kitabuni nikaandika habari za gata, nikaacha mistari mitatu mitupu, nikageuza ukurasa.

Vichirizi vilirudi baada ya siku nne. Nikakwangua tena, nikapaka tena. Hivyo ndivyo nilivyofanya hadi mwezi wa tisa, kila wiki, kwa bidii ambayo ningeitumia kwa kazi halali ningepewa tuzo. Mwalimu alikuwa akikagua kila Ijumaa. Nakumbuka Ijumaa moja ya mwezi wa tano aliingia hadi stoo, akasimama mbele ya ukuta, akaweka kiganja juu yake kama alivyofanya kwa kuta zote, akatoka kutia sahihi ukurasa wangu. Moyo wangu ulikuwa unadunda hadi nikadhani atausikia, yeye mwenye masikio yale. Nilijiambia kwamba namlinda Mama Truphena. Jambo hilo lilinipa amani ya ajabu. Nilikuwa mwongo, lakini mwongo mwenye huruma. Leo ninasimamia majengo ya hospitali nzima, na kijana wangu wa kazi akipaka rangi mahali pamoja tu ukutani, simuulizi kama kuna tatizo. Namuuliza limeanza lini.

Mwezi wa tisa majani ya mikaratusi yaliziba gata juu ya stoo. Mimi na ngazi ndefu hatukupendana, na Musa, ambaye kanisa lake lilikuwa linang'aa hadi hana la kufanya, alijitolea kupanda. Nilishika ngazi. Alifika juu, akatoa majani mikono miwili, akanitupia mengine kichwani makusudi, kisha akashika ubao wa ukingo wa paa ili ajivute mbele kidogo. Ubao ukabomoka mkononi mwake kama mandazi yaliyolowa chai. Akaanguka kwa ubavu juu ya rundo la kuni. Nilisikia mkono ukivunjika. Mlio ule ninaukumbuka hata sasa. Alilala pale akitazama kiganja cha mkono wake mzima, kilichojaa vumbi la rangi ya kahawa. "Praxi," akasema polepole, "hii mbao ni unga." Nilianza kulia kabla yeye hajaanza.

Alipelekwa hospitali akafungwa plasta, na alasiri tukarudi naye chuoni. Mwalimu alikuwa amekwenda Kisumu kwa mkutano, arudi kesho yake. Tulikaa kwenye ngazi za kanisa, Musa akiwa amebeba mkono wake kama mtoto mchanga, nikamweleza yote, tangu kichirizi cha kwanza. Nilingoja anitukane. Akasema tu, "Lete hiyo kitabu." Akafungua kwa mkono mmoja hadi mwezi wa nne. "Si hapa umewacha laini tatu? Andika, 'Nimeona mchwa stoo, nimewaambia jikoni.' Wino ni ileile. Nani atajua?"

"Wewe utajua."

"Mimi nimeanguka na kichwa. Sikumbukangi kitu."

"Musa, ulianguka na mkono."

"Wallahi, Praxi, wewe unataka cheti ama unataka kuniuguza?"

Niliicheka ile kauli machozi yakinitoka. Alikuwa ananipa zawadi, na yeye ndiye aliyeumizwa. Ningeandika mistari ile mitatu ningemaliza mwaka salama. Nikiandika ukweli ningerudi Lugari na sanduku langu la bati, mikono mitupu, kwa wale waliocheka. Lakini nilikuwa nimesikia mlio wa mkono wake. Nikachukua kitabu nikaenda jikoni, kwa sababu niliona Mama Truphena anastahili kusikia kutoka kwangu kabla hajaona watu wenye majembe.

Alikuwa anachambua murere, majani yanaanguka kwenye karai. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba mbao zimeliwa, kwamba ni kichuguu chake, kwamba nimejua tangu mwezi wa nne, na kwamba nikiandika watakichimba. Mikono yake ikasimama.

"Na ulinyamaza kwa sababu ya nani?"

"Yako, Mama."

"Usiniwekee hiyo." Hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mimi nilikuomba? Kwetu Shinyalu kuna vichuguu tatu, zimejaa, hata hakuna mtu wa kuvuna. Ungeniambia siku hiyo ningechimba na mikono yangu. Wewe ulinyamaza kwa sababu ulipenda kupiga vijiti na kukula. Sema ukweli, Plakisi."

Nililia pale kwenye benchi langu. Yeye akaendelea kuchambua mboga. Baada ya muda akasema, "Ukimaliza kulia, andika. Halafu ukuje ukule." Nikafungua kitabu juu ya goti. Sikugusa ukurasa wa mwezi wa nne. Chini ya tarehe ya siku ile niliandika: *Mchwa wamekula mbao za paa juu ya stoo. Musa ameanguka, amevunjika mkono. Nimewaona tangu mwezi wa nne. Sikuandika kwa sababu nilikuwa nikiwala.* Kisha nikala, na nitakuwa mwongo nikisema chakula kile hakikuwa kitamu.

Kesho yake mchana nilipeleka kitabu ofisini. Nelima alikuwa amelala kwenye benchi, viatu mkononi. Kwenye rafu, karibu na mafaili, kulikuwa na bakuli la Mama Truphena, tupu, limeoshwa, likingoja mtu wa kulirudisha. Mwalimu alisoma kwa muda mrefu kuliko mistari minne inavyohitaji. Mvua ikaanza juu ya bati. Nilisikia wenzangu wakitimua mbio nje, mlango wa maktaba ukifunguliwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mwalimu Lumbasi hakuinuka. Alikuwa anautazama ukurasa tu.

"Mbao ngapi?" akauliza mwishowe.

"Sijui, Mwalimu. Sijapanda."

"Panda, uhesabu. Utazibadilisha na fundi, moja moja. Hutashika ngazi, utapanda."

"Na cheti?"

Akafungua droo, akaweka kitabu changu ndani, akaifunga. "Nimesema panda," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyekasirika. Sikuielewa. Nilitoka nikaenda kwenye zamu yangu nikiwa nimechelewa.

Zilikuwa mbao kumi na nne. Nilipanda na fundi seremala kuanzia mwezi wa tisa hadi mwisho wa mwezi wa kumi na moja, na woga wa ngazi ukaniisha juu ya paa lile. Kichuguu kilichimbwa Jumamosi moja, Mama Truphena mbele na jembe, anaimba. Malkia alipopatikana, mnono kama kidole gumba, alimweka kwenye kopo akampelekea kuku wake. "Amekula mkono wa Musa," alisema, "wacha naye aliwe." Hakuna aliyeniambia kama nitapata cheti au la, na niliamka kila siku nikiwa nimejiandaa kuitwa. Siku ya mwisho Mwalimu alisoma majina, na langu lilikuwemo. Alinipa mkono, akanipa cheti, akasema, "Ile gata ya bwalo, kiungo cha pili, bado inalia." Wenzangu walikuwa wamekumbatia vyeti na vitabu vyao. Mimi nilikuwa na karatasi moja tu, na nilifurahi nayo, na bado nikajua kuna kitu kimebaki ndani ya droo.

Nimeandika hadi hapa, na nimekifungua.

Mwezi wa nne una mistari yake mitatu mitupu. Mwezi wa tisa una minne yangu, mwandiko umeinama kwa sababu niliandikia juu ya goti. Chini yake, kwa wino mwekundu aliotumia kusahihisha, na tarehe ya siku niliyompelekea, kuna mwandiko wa Mwalimu: *Niliona chokaa mbichi mwezi wa tano. Nikajua. Sikuuliza kwa sababu na mimi nilikuwa nikila. Lumbasi.*

Nimecheka peke yangu hapa mezani, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena. Asingeweza kunirudisha nyumbani bila yeye mwenyewe kurudi kwao Kabras, na asingeweza kunipa kitabu bila mimi kusoma. Lakini aliandika, siku hiyohiyo, na wino. Nimemwonea huruma, miaka yote ile ananisalimia kwa ucheko na mimi nadhani ananihukumu. Nimempenda kuliko nilivyompenda akiwa hai.

Nikampigia Musa simu. Tukaulizana habari ya safari, ya watoto, ya sukari yake ya damu, halafu nikamsomea. 

"Ngoja nielewe," akasema. "Mama Truphena alikuwa anakula."

"Ndiyo."

"Wewe ulikuwa unakula. Mwalimu alikuwa anakula."

"Ndiyo, Haji."

"Na mimi peke yangu ambaye sikuwa nakula, ndiye nilianguka."

"Pole, ndugu yangu."

Nikamsikia akianza kucheka, kile kicheko chake cha zamani, na alikuwa hajamaliza niliposikia, nyuma ya sauti yake, bati la nyumba yake huko Mumias likianza kugongwa, kwanza tone moja moja, kisha lote. "Shika simu," akasema, "imeanza." Akaiweka mezani bila kuikata. Nikasikia mlango ukifunguliwa na malapa yake yakienda nje, na nikakaa hivyo, simu sikioni, kumngoja aniambie ameona nini.